Tartaglia, mtoto wa vita aliyetafuta njia ya risasi ya mzinga

Mwezi wa pili mwaka wa 1512, askari wa Ufaransa waliingia kwa nguvu katika mji wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Maelfu ya wakaaji waliuawa. Wengine walikimbilia ndani ya katedrali, wakifikiri hakuna mtu atakayemwaga damu mbele ya altare. Kati yao kulikuwa mjane mmoja na watoto wake. Askari wakaingia humo pia. Kijana wa yule mama, Niccolò, mwenye umri wa miaka 12 hivi, alikatwa mara tano: tatu kichwani, mbili usoni. Taya ilipasuka, kinywa kikafunguka, wakamwacha wakijua amekwisha kufa.

Mama hakuwa na feza ya munganga wala ya dawa. Alichokuwa nacho ni ile akili ya kuangalia imbwa, ambaye akiumia hujilamba kidonda mpaka kinapona. Akamtunza mtoto wake kwa njia hiyo, akimsafisha kidonda siku kwa siku. Mtoto akapona. Lakini kwa miezi mingi hakuweza kusema vizuri, na hata maneno yaliporudi yalikuja kwa kukatika-katika. Watoto wenzake wakamwita Tartaglia, ni kusema kigugumizi. Jina la matusi, kabisa. Yeye akalichukua, na baadaye akaliandika mbele ya vitabu vyake vyote. Alipokuwa mtu mzima alifuga ndevu ndefu ili watu wasione makovu.

Baba yake alikuwa mtu wa kubeba barua juu ya farasi, akafa Niccolò akiwa bado mdogo sana. Umasikini ukabaki nyumbani. Alipofika miaka 14, alipelekwa kwa mwalimu mmoja ili ajifunze kuandika alfabeti. Malipo yalikuwa ya sehemu tatu: moja mwanzoni, ingine wakifika herufi K, ya mwisho wakimaliza. Basi walipofika K, feza ikaisha, na masomo yakaisha. Kijana akatafuta karatasi yenye herufi zilizobaki, akajifundisha mwenyewe nyumbani. Tangia siku ile hakuenda tena kwa mwalimu yeyote. Huyu ndiye mtu aliyekuja, mwaka wa 1543, kutoa tafsiri ya Kiitalia ya kitabu cha hesabu cha Euclid, ili watu wasiojua Kilatini nao wasome.

Hesabu njo ilimpa mkate. Alifundisha mjini Verona, halafu tangia mwaka wa 1534 akakaa Venezia. Huko Verona, mwaka wa 1531, rafiki yake mmoja, fundi wa mizinga, alimuuliza neno moja ambalo linaonekana jepesi: mzinga uinuliwe kwa kiasi gani ili risasi yake ifike mbali zaidi?

Mafundi wa mizinga wa wakati ule walifanya kazi kwa mazoea. Kila mmoja alikuwa na siri yake, na wengi walikuwa wanakisia tu. Tartaglia alitumia kipimo cha miguu miwili kama pembe ya fundi wa kujenga. Mguu mmoja unaingizwa katika mdomo wa mzinga, na kamba yenye uzito inaning'inia na kuonyesha alama. Toka mzinga kulala sawa na chini mpaka kusimama wima kulikuwa alama 12. Jibu lake: alama ya sita, katikati kabisa. Kwa kipimo cha leo ni digri 45. Mafundi wengine walibisha, wakasema huo ni mwinuko wa kupita kiasi, alama ya nne inatosha, ambayo ni digri 30. Wakawekeana feza, wakaenda uwanjani, wakapiga mara mbili. Mzinga wa digri 45 ulishinda.

Sababu yake mtu anaweza kuiona hata kwa jiwe. Ukilirusha chini-chini, linakwenda mbele kwa haraka, lakini linagusa udongo upesi. Ukilirusha juu sana, linakaa hewani muda mrefu, lakini mwendo wake mwingi umeishia kupanda na kushuka tu. Katikati, muda wa kukaa hewani na mwendo wa kwenda mbele vinasaidiana. Tuchukue jiwe linalotoka mkononi kwa mwendo wa metre 20 kwa sekonde. Tukiacha pembeni kizuizi cha hewa, kwa digri 45 litaanguka metre 40 hivi mbele. Kwa digri 30 ni metre 35. Kwa digri 60 pia ni metre 35, palepale, ila limepita njia ya juu zaidi. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali unazidi mara nne. Hewa hupunguza hesabu hizi, zaidi kwa vitu vyenye mwendo mkali.

Ajabu ni kwamba Tartaglia alipata jibu zuri kwa maelezo mabaya. Alikuwa bado anafuata mafundisho ya zamani ya Aristotle, yanayosema kitu hakiwezi kuwa na mwendo wa kulazimishwa na mwendo wake wa asili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana alichora njia ya risasi kwa vipande vitatu: kwanza mstari ulionyooka, halafu kipande cha duara, mwishoni mstari wa kushuka wima. Risasi haipiti hivyo. Nguvu ya uzito haingojei risasi ichoke ndipo ianze kuivuta. Inaivuta toka inapoacha mdomo wa mzinga.

Kabla ya kuchapisha kazi hiyo, kitu kingine kilimsimamisha. Alikuwa anaboresha ufundi wa kuua watu. Mwenye kovu la katedrali ya Brescia alikuwa anaketi mezani akitafuta ginsi ya kufikisha chuma mbali zaidi ndani ya miji ya wengine. Aliona ni aibu na ni zambi mbele ya Mungu. Akachukua karatasi zake zote za jambo hilo, akazichoma moto.

Lakini kitabu kilitoka, mwaka wa 1537, mjini Venezia, kwa jina Nova Scientia, maana yake elimu mpya. Alikiandikia mtawala wa Urbino, na katika utangulizi alieleza mwenyewe kwa nini amegeuka: Sultani Suleiman wa Waturuki alikuwa anajiandaa kuishambulia Italia, na sasa kuficha elimu hiyo kulionekana kwake kuwa kosa. Kama alisadiki hivyo kweli, ao kama alihitaji pia jina na mlinzi tajiri, kila mtu apime. Masikini mwenye kitabu kizuri mkononi hana njia nyingi. Kilicho hakika ni kwamba kitabu hakikuchagua msomaji: Wakristo nao walikuwa wanapigana wao kwa wao, na mizinga ya pande zote ilikuwa inalenga kwa digri zilezile.

Mwaka wa 1546 alitoa kitabu kingine, na humo akajisahihisha. Alisema hakuna sehemu hata moja ya njia ya risasi iliyonyooka kabisa, hata pale mwanzo. Mafundi waliona kwa macho yao risasi inatoka imenyooka. Yeye alijibu kwamba ni mwendo mkali tu unaofanya kupinda kule kusionekane. Katika jambo hili alikuwa na haki, na walioona kwa macho hawakuwa nayo.

Miaka yake ya mwisho iliharibiwa na ugomvi mwingine, wa hesabu tupu. Alikuwa amevumbua njia ya kutatua aina ya hesabu ngumu zenye namba ya tatu ya kipeo, akampa Girolamo Cardano wa Milano kwa kumwapisha asiitangaze. Mwaka wa 1545 Cardano akaichapisha, akitaja jina lake, lakini siri ilikuwa imetoka. Mwaka wa 1548 Tartaglia alikwenda Milano kushindana hadharani na mwanafunzi wa Cardano, Lodovico Ferrari. Kigugumizi mbele ya umati ni mzigo mzito. Baada ya siku ya kwanza aliondoka, na wengi wakahesabu kwamba ameshindwa. Kazi ya kufundisha aliyokuwa amepata kwao Brescia ikamponyoka, bila malipo. Akarudi Venezia, akafa humo mwezi wa 12 mwaka wa 1557, bila mali.

Ilimpasa Galileo kuja kumaliza kazi. Mwaka wa 1638, akiwa mzee, kipofu na mfungwa nyumbani kwake, alichapishiwa kitabu huko Leiden kinachoonyesha kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni mpindo mmoja tu, unaoitwa parabola, mwendo wa mbele na mwendo wa kushuka vikifanyika pamoja. Vile vipande vitatu vya Tartaglia vikaanguka. Alama ya sita ikabaki pahali pake.