Jokichi Takamine, mkemia aliyeipa tiba ya dharura kipimo

Mwezi Julai 1922, mjini New York, alifariki dunia Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani ambaye jina lake halitajwi sana, ilhali matunda ya kazi yake yamo katika mikoba ya wahudumu wa dharura duniani kote. Adrenalini, dawa aliyoitenga kwa mara ya kwanza katika umbo la fuwele, ndiyo inayokimbiliwa hadi leo mtu anapopatwa na mzio mkali au moyo wake unaposimama.

Takamine alizaliwa tarehe 3 Novemba 1854 katika mji wa Takaoka, akakulia Kanazawa, akiwa mtoto wa tabibu. Alihitimu masomo ya uhandisi mjini Tokyo mwaka 1879, kisha serikali ikampeleka Glasgow, Scotland, kuendelea na masomo. Mwaka 1884 alitumwa New Orleans, Marekani, kwenye maonyesho ya pamba. Huko alikutana na Caroline Hitch, ambaye walifunga ndoa mwaka 1887.

Mwaka 1890 alihamia Marekani, akajaribu kutengeneza wiski kwa kuvu ya koji, inayotumiwa Japani kutengenezea pombe ya mchele. Mradi huo wa Peoria, Illinois, ulipingwa na wafanyabiashara wa kimea, na kiwanda kikateketea kwa moto. Kutokana na koji hiyohiyo, Takamine alipata kimeng'enya kinachovunja wanga. Alikipatia hataza mwaka 1894, na kampuni ya Parke-Davis ya Detroit ikakiuza kama dawa ya tumbo.

Wakati huo, madaktari wa Uingereza George Oliver na Edward Schäfer walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi zilizo juu ya figo hupandisha shinikizo la damu. Tatizo lilikuwa kwamba maji hayo yalikuwa na uchafu, yaliharibika upesi, na nguvu yake ilitofautiana. Daktari hakuweza kujua kwa hakika amempa mgonjwa kiasi gani.

Mwaka 1900, katika maabara ndogo mjini New York, Takamine na msaidizi wake Keizo Uenaka walipata fuwele za kiini hicho kutoka tezi za mifugo iliyochinjwa. Baadaye ilibainika kuwa fuwele hizo zilichanganyika na kiini cha jamii yake, noradrenalini. Hata hivyo, hatua kubwa ilikuwa imepigwa: dawa sasa iliweza kupimwa kwa mizani. Hataza ya mwaka 1903 ilibeba jina la Takamine peke yake. Mchango wa Uenaka ulikuja kudhihirika kupitia daftari lake la maabara.

Parke-Davis iliifanya Adrenalin kuwa jina lake la biashara. Kwa sababu hiyo Marekani ilishika jina jingine, epinefrini. Majina hayo mawili ni ya dawa moja, na mhudumu asiyelijua hilo anaweza kushika chupa sahihi mkononi huku akiendelea kuitafuta.

Takamine alitajirika, akawa rais wa kwanza wa kampuni ya dawa ya Sankyo mwaka 1913. Alichangia pia kufanikisha zawadi ya zaidi ya miche 3,000 ya micheri ya Kijapani iliyopandwa Washington mwaka 1912. Alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, New York.

Urithi wake mkubwa zaidi ni kipimo. Mtu mzima mwenye mzio mkali hudungwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Aliyesimama moyo hupewa miligramu 1 kupitia mshipa, na kurudiwa kila baada ya dakika 3 hadi 5. Dozi hiyo ya pili ikiingizwa kwenye mshipa wa mtu ambaye moyo wake ungali unapiga, inaweza kuvuruga mapigo na kumuua. Ndiyo maana mhudumu hufundishwa kuhakiki mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati kabla ya kudunga sindano, hata pale ndugu wa mgonjwa wanapomhimiza afanye haraka.