Argwings-Kodhek

Clement Michael George Argwings-Kodhek (1923 – 29 Januari 1969) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Kenya. Anakumbukwa kama Mwafrika wa kwanza wa nchi hiyo kufanya kazi ya uwakili. Alipofariki alikuwa mbunge wa Gem na waziri aliyeshughulikia mambo ya nje.

Maisha ya awali na masomo

Alizaliwa Gem, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya, katika jamii ya Wajaluo. Wenyeji wake walizigeuza herufi za mwanzo za majina yake, C.M.G., kuwa jina la sifa la Kijaluo, Chiedo More Gem. Alisoma katika shule za misheni, kisha Makerere nchini Uganda, akawa mwalimu.

Mwaka 1947 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, lakini si kwa ajili ya sheria. Serikali ya kikoloni ilihitaji walimu na makarani Waafrika kuliko mawakili. Akiwa huko Wales alibadili mkondo na kusoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili kupitia Lincoln's Inn, London, mwaka 1951.

Kutafuta nafasi serikalini

Aliporudi Nairobi aliomba kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa kijana aliyetoka masomoni, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuelekea ujaji: kuanza kama mwendesha mashtaka au mshauri wa serikali, kujulikana na majaji, kisha kupanda ngazi. Sifa zake zilikuwa sawa na za Wazungu waliopokelewa katika ofisi hiyo. Aliambiwa kwamba angelipwa theluthi moja tu ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi ileile, akakataa. Alifungua ofisi yake mwenyewe, katika mji ambao hata makazi yake yaligawanywa kwa rangi. Jambo hilo lilimgusa nyumbani pia, kwa kuwa mke wake alikuwa Mwayalandi.

Hali katika Tanganyika haikuwa nyepesi zaidi. Iringa na Mbeya, katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, mashauri mengi ya Waafrika yaliamuliwa katika mabaraza ya machifu, ambako mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Kijana wa huko aliyetaka kazi ya mahakama angeweza kutumaini ukarani wa baraza. Kitivo cha sheria cha kwanza katika Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, miaka kumi baada ya Argwings-Kodhek kufuzu.

Wakili wa washtakiwa wa Mau Mau

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952. Adhabu ya kifo ilipanuliwa hadi makosa kama kukutwa na risasi au kuapisha watu, na mwaka 1953 mahakama maalumu ziliundwa ili kesi ziende haraka. Baraza la wazee wa mahakama lenye uamuzi lilikuwa haki ya washtakiwa Wazungu peke yao. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na washauri, ambao jaji hakulazimika kuwafuata. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa.

Argwings-Kodhek aliwatetea wengi walioshtakiwa katika mahakama hizo. Kazi hiyo ilimpa umaarufu ambao ofisi ya serikali isingempa, hasa miongoni mwa wakazi wa Nairobi wasio Wajaluo. Pia ilimletea uadui wa serikali na wa walowezi.

Siasa

Chama cha Kenya African Union kilipigwa marufuku mwaka 1953. Waafrika waliporuhusiwa tena kuunda vyama, ilikuwa kwa ngazi ya wilaya tu. Argwings-Kodhek alitaka chama cha nchi nzima, lakini serikali ilikataa jina alilopendekeza, ndipo kikaandikishwa kama Nairobi District African Congress.

Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao Waafrika walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, aligombea kiti cha Nairobi. Alishindwa na Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, na wote wawili walikuwa Wajaluo. Ushindani wao uligawanya siasa za mji kwa miaka kadhaa. Baada ya uhuru wote wawili walikuwa upande wa KANU, hata Oginga Odinga alipojitenga mwaka 1966 na kuanzisha KPU.

Kifo

Alifariki usiku wa 29 Januari 1969 katika ajali ya gari jijini Nairobi. Maelezo kwamba ilikuwa ajali ya kawaida hayakukubaliwa na wote, na minong'ono iliongezeka Mboya alipouawa kwa risasi tarehe 5 Julai mwaka uleule. Uchaguzi mdogo wa Gem, uliofanyika mwezi Mei, ulichukuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU.

Barabara ya Hurlingham alikopatwa na ajali inaitwa sasa Argwings Kodhek Road.