Alfayo Odongo Mango: Shemasi Aliyeomba Bila Kuchoka Hadi Akachomwa Ndani ya Nyumba

Ukiishi Manyatta ama Kondele hapa Kisumu, lazima umewahi kukutana nao. Kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kifuani, ngoma inapigwa na barabara yote inajua watu wa Roho wamefika. Wasee wengi huwapisha tu na kuendelea na shughuli zao. Wachache wanajua kwamba nyuma ya ile ngoma kuna mtu aliyelipa kwa maisha yake.

Mango alikuwa nani?

Alfayo Odongo Mango alizaliwa Gem, Siaya, miaka ya 1880, kabla reli haijafika Kisumu. Baadaye akaishi Musanda, upande wa Mumias. Alishika dini ya Waanglikana mapema, akafundisha watu kusoma na kuomba, na miaka ya 1920 akafanywa shemasi. Enzi hizo, Mwafrika kufika hapo haikuwa mchezo.

Lakini mzee hakutosheka na cheo. Wafuasi wake husimulia kwamba Roho alimgusa tangu miaka ya 1910, na kutoka hapo akawa mtu wa kuomba usiku na mchana. Mwaka baada ya mwaka alikuwa magotini, na hakukuwa na chochote kikubwa cha kuonyesha watu.

Shida zilimwandama

Kulikuwa na kesi ya shamba. Mango alikuwa wa ukoo wa Kager, Wajaluo waliodai ardhi iliyokuwa chini ya utawala wa Wanga. Wawanga nao waliona ni yao, na serikali ya mkoloni ilikuwa imeupa ufalme wa Mumia nguvu. Mango akasimama na watu wake, kesi ikafika hadi kwa Tume ya Ardhi ya 1932. Mambo hayakwenda alivyotaka.

Hebu jiweke hapo. Umeomba miaka yote hiyo na bado unaambiwa utoke kwa boma lako. Wengi wetu tungefunga Biblia siku hiyo hiyo.

Yeye aliongeza maombi. Mwishoni mwa 1933, pamoja na mpwa wake Lawi Obonyo, uamsho ukawaka pale Musanda. Watu walikesha wakiimba, wakatubu, wakanena kwa lugha. Wanawake na vijana, ambao kanisani kwa kawaida walikaa kimya, sasa waliomba kwa sauti. Wakubwa wa kanisa hawakufurahia kabisa, na majirani nao wakaingiwa na wasiwasi, maana maombi na kesi ya shamba vilikuwa vimeshikana.

Januari 1934

Ile chuki ikalipuka. Kundi la watu likavamia boma, Lawi akauawa, na nyumba ya Mango ikatiwa moto yeye akiwa ndani. Wafuasi wengine pia walikufa. Wanaomkumbuka husema hakutaka kukimbia.

Kwa macho ya kawaida, hapo ndipo stori ingeisha. Shamba hakupata, kanisa lake halikumuunga mkono, na mwili wake ukaungua.

Maombi yalijibiwa wapi?

Waliobaki hawakurudi nyuma. Wanawake kwa wanaume wakatoka kwa miguu, wakazunguka Nyanza na ngoma na misalaba, hadi wengine wakavuka kuingia Tanzania. Kutoka hapo makanisa ya Roho yakazaliwa, likiwemo Ruwe Holy Ghost. Hadi leo, kila Januari, waumini hukusanyika Musanda kumkumbuka.

Somo hapa si kwamba ukiomba sana utapewa unachotaka. Mango hakupewa. Alichopata ni moyo ambao haukuweza kuvunjwa na mahakama, wakubwa ama moto, na huo moyo akauacha kwa wengine. Kuna mama Manyatta saa hii anaombea mtoto aliyepotea kwa chang'aa, na kijana anayeombea kazi mwaka wa nne sasa. Pengine jibu litakuja vile wanataka, pengine halitakuja. Lakini mtu anayekaa magotini muda huo wote hatoki hapo akiwa yule yule.

Kwa hivyo Jumapili ukisikia ile ngoma ikipita mtaani, usikimbilie kulalamika kuhusu kelele. Inatoka mbali, na ilipotoka palikuwa na moto.