Charlot, mucheshi aliyefungiwa mulango akiwa katikati ya bahari

Ukiwa na mukebe wa Nido nyumbani, ugeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta hapo jina la muji mumoja: Vevey. Ni muji mudogo wa Uswisi, kando ya ziwa Léman, na njo kwenye kuko makao makubwa ya kampuni Nestlé, wale wa maziwa na Maggi. Ziwa iko chini, milima iko ng'ambo, nyumba zimepanda kwenye muteremko. Mutu wa Bukavu akifika pale hatashangaa sana.

Lakini Vevey inajulikana pia juu ya watu wakubwa wa vitabu na wa senema waliokwenda kumalizia siku zao pale. Mwandishi Henryk Sienkiewicz wa Polandi, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka wa 1905, alikimbilia pale wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akakusanyia watu wa inchi yake musaada, akafia pale mwezi wa Novemba 1916. Huyo alikuwa amefika mpaka huku Afrika ya mashariki: mwaka wa 1891 alipita Zanzibar na Bagamoyo, homa ikamurudisha. James Mason, mucheza filme Mwingereza, naye kaburi yake iko pale karibu. Na Graham Greene, mwandishi ambaye Wakongomani wana sababu ya kumukumbuka, tutamukuta tena mbele kidogo.

Katika hao wote, anayejulikana hata na mutu asiyejua kusoma ni mumoja tu: Charlie Chaplin, ule ambaye watu wa kwetu walizoea kuita Charlot. Kofia nyeusi ya duara, ndevu kidogo chini ya pua, suruali kubwa kupita mwili, viatu virefu, fimbo mukononi. Hana nyumba, hana kazi, polisi wanamufukuza kila siku, na bado anatembea kama mutu wa heshima.

Ile shida ya kwenye filme hakuibuni. Alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889, na mpaka leo karatasi ya kuzaliwa kwake haijaonekana. Baba na mama walikuwa waimbaji wa kwenye majukwaa. Baba alipenda pombe kupita kiasi, akaacha nyumba, akafa mwaka wa 1901 akiwa na miaka 38 tu. Mama yake, Hannah, alibaki na watoto wawili, Sydney na Charlie. Sauti yake iliharibika, kazi ikaisha, akashona nguo za watu kwa feza kidogo. Mwaka wa 1896 yeye na watoto waliingizwa katika nyumba ya maskini ya Lambeth, mahali ambapo serikali ya Uingereza ilifunga watu waliokosa chakula, mama upande wake, watoto upande wao. Charlie alikuwa na miaka saba. Kisha akili ya mama ikachafuka, wakamupeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipona, akarudi, akaugua tena. Kuna wakati Charlie alibaki peke yake katika chumba, akila alichookota.

Jukwaa njo ilimuokoa. Kabla ya kufikisha miaka kumi alikuwa tayari anacheza na kikundi cha vijana, miguu ikilia juu ya mbao. Mwaka wa 1908 akaingia katika kikundi kikubwa cha vichekesho cha Fred Karno, na hicho kikundi kikamupeleka Marekani, mara ya kwanza mwaka wa 1910. Mwisho wa mwaka wa 1913 watu wa senema wakamuchukua kwa dola 150 kwa juma. Mwanzo wa 1914 akavaa zile nguo kwa mara ya kwanza. Kufika mwaka wa 1916 alitia mukono kwenye mukataba wa dola 670 000 kwa mwaka. Mutoto wa nyumba ya maskini, miaka 26, alikuwa sasa kati ya watu waliolipwa zaidi ku dunia nzima.

Filme zake hazikuwa na sauti, na njo maana zilipita mipaka yote bila kuomba mutafsiri. Mutoto wa Tokyo, mufanyakazi wa Paris, mukulima wa Urusi, wote walicheka pahali pamoja. The Kid ilitoka mwaka wa 1921, na mwaka ule ule alimuleta mama yake California, akamupangia nyumba kando ya bahari na watu wa kumuchunga mpaka alipokufa mwaka wa 1928. Kisha zikaja The Gold Rush, City Lights, na Modern Times ya mwaka wa 1936, ambamo mashine ya fabrike inamumeza mufanyakazi. Mwaka wa 1940 alitoa The Great Dictator, akimucheka Hitler mbele ya dunia wakati wakubwa wengi walikuwa bado wanaogopa. Na tuseme kwamba hao wawili walizaliwa kwa tofauti ya siku ine, na wote wawili walivaa zile ndevu za chini ya pua.

Kwa wanawake, historia yake si ya kusifu. Alioa mara ine, na wa kwanza wawili walikuwa wasichana wa miaka 16. Leo watetezi wa haki za watoto wangefika mulangoni. Mwaka wa 1943, akiwa na miaka 54, alimuoa Oona O'Neill wa miaka 18, binti ya Eugene O'Neill, mwandishi mukubwa wa michezo. Baba yake Oona alikasirika, akakata uhusiano na binti yake. Watu walisema ile ndoa haitamaliza mwaka. Ilidumu mpaka kifo, na watoto munane.

Sasa, makaratasi. Chaplin aliishi Marekani karibu miaka 40 bila kuomba uraia wa pale. Alilipa kodi, aliajiri watu, watoto wake wawili wakubwa walivaa mavazi ya jeshi la Marekani katika vita ya pili. Lakini yeye alibaki Mwingereza, na alisema hakuona lazima ya kubadilika. Wakati wa vita alisimama mbele ya watu kuomba Wamarekani wawasaidie Warusi, ambao wakati ule walikuwa wanapigana upande mumoja na Marekani. Vita ilipoisha, hewa ikageuka. Warusi wakakuwa adui, na kila mutu aliyewahi kuwasema vizuri akaanza kuulizwa. Polisi ya upelelezi, FBI, ilijaza juu yake dosie ya kurasa karibu 2 000. Juu ya hiyo kulikuwa kesi ya mwanamuke mumoja aliyesema Chaplin ni baba ya mutoto wake. Kipimo cha damu kilionyesha hapana, lakini tribinali ikamuhukumu kulipa vile vile. Magazeti yalikula vizuri.

Mwezi wa Septemba 1952 alipanda meli pamoja na Oona na watoto kwenda London, kuonyesha filme yake mupya, Limelight. Kabla ya kusafiri alifanya kila kitu kwa utaratibu: aliomba ruhusa ya kurudi, akapewa. Meli ilitoka New York. Tarehe 19 waziri wa sheria wa Marekani akafuta ile ruhusa. Chaplin alipata habari akiwa baharini, nyuma hakuonekana inchi, mbele hakuonekana inchi. Akitaka kurudi, atajibu kwanza maulizo juu ya siasa yake na mwenendo wake.

Mutu yeyote wa huku ambaye amesimama kwenye mupaka na karatasi ambayo jana ilikuwa nzuri na leo imekataliwa anaweza kuelewa ile safari. Tofauti ni kwamba Chaplin alikuwa na feza. Lakini feza yenyewe ilikuwa Marekani: nyumba, studio, benki. Akiifuata yeye mwenyewe, atakamatwa kwenye maulizo. Oona njo aliyekwenda. Alikuwa Mumarekani, hakuna aliyeweza kumukatalia kuingia. Novemba mwaka ule alirudi California, akatoa mali yao, akafunga nyumba. Watumishi wakamuambia kwamba wapelelezi walikuwa wamepita kuwauliza. Miaka nyingi kisha, makaratasi ya serikali ilipofunguliwa, ilionekana kwamba kama Chaplin angerudi na kujibu, pengine wasingekuwa na sababu ya kutosha ya kumufungia. Hakujua. Mwezi wa Aprili 1953 alirudisha karatasi yake ya kuingilia Marekani. Oona naye akaacha uraia wake wa Marekani mwaka uliofuata.

Wakati huo wote, kati ya waandishi waliosimama wazi upande wake alikuwa Graham Greene. Septemba ile ile ya 1952 alitoa barua ya wazi katika gazeti la London kumutetea. Ni Greene huyo aliyekuja Kongo mwanzo wa mwaka wa 1959, akakaa na wagonjwa wa ukoma ku Yonda, karibu na Coquilhatville, Mbandaka ya leo, na kutoka pale akaandika kitabu juu ya Mzungu mwenye sifa kubwa ambaye anakimbia sifa yake na kujificha kati ya wenye ukoma. Ni yeye pia, pamoja na watu wa nyumba ya vitabu alimokuwa mukubwa, aliyemusukuma Chaplin kuandika maisha yake. Kile kitabu kilitoka mwaka wa 1964.

Basi, Vevey. Januari 1953 familia iliingia katika nyumba kubwa nyeupe inayoitwa Manoir de Ban, ku Corsier, juu kidogo ya muji. Chaplin alikuwa na miaka 63. Watoto wine wa mwisho walizaliwa wakiwa pale, wa mwisho kabisa mwaka wa 1962. Kifaransa hakikumuingia. Alisalimia watu kwa mikono na uso, kama kwenye filme, na ilitosha. Kila mwaka circus Knie ilipofika Vevey, muzee alipeleka familia nzima, akakaa mbele. Kitu kimoja tu kilimusumbua: kiwanja cha kujifunza kupiga bunduki karibu na nyumba. Alilalamika kwa wakubwa wa pale, akaandika, akalalamika tena. Milio hiyo haikuisha haraka.

Kazi ya kutoka pale haikuwa na nguvu ya zamani. A King in New York ya mwaka wa 1957 inawacheka Wamarekani wa wakati ule, lakini ndani yake kunasikika uchungu kuliko kicheko. Filme ya mwisho, ya mwaka wa 1967, watu hawakuipenda. Mwaka wa 1972 Marekani wakamuita wampe Oscar ya heshima. Akaenda, akiwa na miaka 82, miguu imechoka. Watu wote walisimama na kupiga mikono karibu dakika 12. Alizungumuza kidogo sana. Kisha akarudi nyumbani, na nyumbani ilikuwa Vevey. Mwaka wa 1975 malkia wa Uingereza akamupa cheo cha Sir. Aliipokea akiwa katika kiti cha magurudumu.

Alienda circus mara ya mwisho Oktoba 1977. Alikufa usiku wa kuamkia Noeli mwaka ule, katika usingizi, miaka 88. Walimuzika ku Corsier, bila makelele, familia na watu kidogo.

Hakupumuzika. Usiku wa tarehe 1 Machi 1978, watu wawili walichimbua kaburi wakabeba sanduku. Kisha simu zikaanza kulia kwa familia: leteni feza, au hamutamuona tena. Mambo ya kukamata mutu na kuomba feza, wakaaji wa Rutshuru wanayajua sana, lakini hapa aliyekamatwa alikuwa maiti. Oona alikataa. Aliona kwamba bwana yake angecheka hiyo biashara. Wezi wakatisha kuumiza watoto wadogo, na bado hakulipa. Binti yake Geraldine alibaki kwenye telefone akiwazungusha kwa maneno, wakati polisi ilichunga kabini za simu karibu 200 katika eneo lote. Mwezi wa tano wakanaswa.

Walikuwa nani? Mafundi wawili wa magari, wakimbizi, mumoja wa Polandi na mwingine wa Bulgaria. Ule wa Polandi hakuwa na kazi. Sanduku walikuwa wamelifukia katika shamba la muhindi, ku Noville, kilometa kidogo. Charlot wa kwenye filme, yule asiye na nyumba anayetafuta chakula kwa kila ujanja, angekuwa jirani ya hawa wawili katika banda moja. Tribinali iliwahukumu Desemba 1978: aliyepanga mambo alipewa miaka ine na nusu, mwenzake miezi 18 bila kuingia gereza.

Chaplin alirudishwa katika kaburi yake ya kwanza, safari hii chini ya beto.

Greene alikuwa akiishi Ufaransa, ku Antibes. Uzee na ugonjwa vilipomushika, alihamia Corseaux, jirani na Corsier, karibu na binti yake. Alifia katika hospitali ya Vevey tarehe 3 Aprili 1991. Mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, Oona naye akafa katika ile nyumba nyeupe, na wakamulaza pembeni ya bwana yake. Nyumba imefunguliwa kwa wageni tangu 2016. Chini, kando ya ziwa, Charlot wa shaba amesimama na fimbo yake.