Bertrand Russell: Mzee aliyetaka kosa lionekane mapema

HIVI karibuni mwanafunzi wangu hapa Gisenyi aliniletea programu ya kompyuta aliyomwandikia mama yake, muuza sambaza. Aliingiza mauzo mawili, faranga 800 na faranga 500. Kompyuta ikajibu 800500. Ilizichukua tarakimu hizo kama maneno ya kuunganishwa, si namba za kujumlishwa, na wala haikulalamika. Darasa lilicheka. Mimi nikawasimulia habari za Bertrand Russell.

Russell alizaliwa Mei 18, 1872, huko Wales. Babu yake alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Kabla hajatimiza miaka minne alikuwa yatima wa baba na mama, akalelewa na bibi yake. Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati.

Mwaka 1901 aligundua ufa katika msingi wa hisabati. Fikiria, ndugu msomaji, kinyozi wa kijiji anayewanyoa wale wote wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Je, yeye hujinyoa? Ukisema ndiyo, jibu linageuka hapana. Ukisema hapana, linageuka ndiyo. Ufa wa namna hiyo ulikuwa katika hesabu za makundi. Mwaka 1902 alimwandikia Mjerumani Gottlob Frege, ambaye juzuu ya pili ya kitabu chake ilikuwa tayari mtamboni. Frege alikiri kuwa kazi yake imetikisika.

Dawa aliyoitoa Russell mwaka 1908 ilikuwa kukipa kila kitu aina na ngazi yake: vitu, makundi ya vitu, kisha makundi ya makundi. Kauli inayochanganya ngazi hukataliwa mapema, si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa kuwa haina maana. Juu ya msingi huo, yeye na Alfred Whitehead waliandika Principia Mathematica, juzuu tatu, kati ya 1910 na 1913.

Mmarekani Alonzo Church aliliendeleza wazo hilo mwaka 1940, na baadaye likaingia katika lugha za kompyuta. Lugha kama Java hukagua aina kabla programu haijaanza kazi: hii ni namba, yale ni maneno. JavaScript, aliyoitumia mwanafunzi wangu, haifanyi hivyo. Wapo wanaosema kutaja aina kunapoteza muda, na kwa programu fupi wana hoja. Lakini utafiti wa mwaka 2017 juu ya makosa 400 ya JavaScript ulionyesha kuwa ukaguzi huo ungenasa asilimia 15 hivi. Si yote, ila ni karibu kosa moja katika kila saba, kabla halijamfikia mteja.

Kwangu mimi Russell si mtu wa hisabati tu. Mwaka 1918 alifungwa kwa kupinga vita. Mwaka 1950 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 1961, akiwa na miaka 89, alifungwa tena kwa kupinga silaha za nyuklia. Na mwanzoni mwa 1964 alipaza sauti kuhusu Watutsi waliokuwa wakiuawa Rwanda tangu Desemba 1963, akiyalinganisha mauaji hayo na maangamizi ya Wayahudi. Ni wakati huo babu yangu alipovuka mpaka na watoto wake. Ndiyo maana mimi nilisomea uhamishoni, Tanzania.

Dunia ilimsikia, haikufanya kitu. Russell alifariki Februari 2, 1970, akiwa na miaka 97. Mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Siwezi kufananisha hesabu za sambaza na damu ya watu. Lakini wanafunzi wangu nawaambia kuwa ukaguzi wa mapema una gharama yake, na kuupuuza kuna gharama kubwa zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kijana yule alirekebisha mistari miwili tu, kompyuta ikajibu 1300.