Gaston Defferre: Meya aliyepunguza nguvu za Paris

Msikilizaji, fikiria mmewachagua madiwani wenu, wamekaa, wamekubaliana barabara ipi itengenezwe. Lakini anayeandaa bajeti na kutekeleza maamuzi yao ni ofisa aliyeteuliwa na serikali kuu. Ninyi hamkumchagua, wala hamwezi kumwondoa.

Ndivyo wilaya za Ufaransa zilivyoendeshwa kwa muda mrefu. Ofisa huyo anaitwa prefe, na cheo chake kilianzishwa na Napoleon mwaka 1800. Aliyekuja kumpunguzia nguvu ni Gaston Defferre.

Defferre alizaliwa mwaka 1910 katika mji mdogo wa Marsillargues, kusini mwa Ufaransa. Akawa wakili mjini Marseille, akajiunga na chama cha Kisoshalisti. Wajerumani walipoikalia nchi yake katika Vita vya Pili vya Dunia, aliongoza mtandao wa siri wa kupambana nao. Marseille ilipokombolewa Agosti 1944, yeye na wenzake waliingia ofisi za jiji, naye akawa meya. Aliondoka mwaka uliofuata, akarudi 1953, na hakuachia tena kiti hicho mpaka kifo chake.

Afrika nako aliacha alama. Mwaka 1956, akiwa waziri wa makoloni, alisimamia sheria iliyowapa watu wazima wote katika makoloni ya Ufaransa haki ya kupiga kura iliyo sawa. Léopold Senghor wa Senegal aliipinga sehemu yake, akiona inaigawa Afrika Magharibi vipande vipande.

Defferre alikuwa mkali. Mwaka 1967 alimtukana mbunge mwenzake, René Ribière, bungeni. Wakapambana kwa panga, na Ribière akajeruhiwa mara mbili. Miaka miwili baadaye Defferre aligombea urais, akapata asilimia 5 tu ya kura. Nguvu zake zilikuwa nyumbani.

Kuanzia 1974 hadi 1981 aliongoza pia baraza la mkoa wa Provence-Alpes-Côte d'Azur. Hapo alionja mwenyewe: baraza linapitisha, prefe anatekeleza.

François Mitterrand aliposhinda urais mwaka 1981, alimpa Defferre wizara ya mambo ya ndani. Sheria ikapita Machi 2, 1982. Utekelezaji katika wilaya na mikoa ukahamishiwa kwa viongozi waliochaguliwa. Prefe hakuondolewa. Akiona uamuzi umevunja sheria, anaupeleka mahakamani, lakini kuufuta mwenyewe hawezi. Na ili fedha za wananchi zisiliwe, zikaundwa mahakama za mikoa za kukagua hesabu.

Hata hivyo, mwaka 1983 Defferre alibaki meya ingawa wapinzani wake walipata kura nyingi zaidi jijini kote. Ushindi ulihesabiwa kwa viti vya kila eneo, na mgawanyo wa maeneo ulitokana na sheria iliyopitishwa yeye akiwa waziri.

Alifariki Marseille Mei 7, 1986, akiwa bado meya. Wiki chache kabla, Machi 16, Wafaransa walikuwa wamechagua mabaraza yao ya mikoa kwa kura zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Mtu aliyeshikilia kiti kimoja miaka 33 aliwaachia wenzake nchi nzima madaraka ambayo Paris ilikuwa imeyabana tangu enzi za Napoleon.