Maisha ya George Washington Carver, mutu wa kalanga

Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya mutu mumoja wa Marekani. Wengi walisikia jina lake ku masomo: eti yeye ndiye alivumbua kalanga ya kusaga, ile tunapaka ku mukate. Si kweli, watu walikuwa wanasaga kalanga mbele yake. Kazi yake ya kweli ilikuwa ingine, na sisi tunaiona kuwa kubwa zaidi.

George Washington Carver alizaliwa mutumwa, karibu mwaka wa 1864, pembeni ya kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri. Siku yenyewe ya kuzaliwa hata yeye hakuijua. Mama yake, Mary, alinunuliwa mwaka wa 1855 na muzungu mumoja mulimaji, Moses Carver, kwa dola 700. Tunataja ile beyi ili watoto wetu wajue kwamba wakati ule mutu alikuwa na beyi, sawa mbuzi ku soko. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, wanyanganyi walikuja wakamubeba mama pamoja na mutoto. Moses Carver alituma mutu kuwatafuta. Yule mutu akarudi na mutoto peke yake, mugonjwa wa kikohozi kikali, na akalipwa farasi mumoja. Mama hakuonekana tena hata siku moja.

Utumwa ulipokwisha, Moses na bibi yake Susan walimulea yule yatima ndani ya nyumba yao. Hakuwa na nguvu ya kazi ya shamba, basi Susan alimufundisha kupika, kufua na kushona. Saa zingine alikuwa mu pori, anachimbua maua na kuyapanda tena, na majirani walimuletea mimea yao yenye kuugua. Masomo ya pa kijiji hayakupokea watoto weusi. Akaenda Neosho, akalala kwa Mariah Watkins, mama mwenye kuzalisha na kufua nguo za watu, na akafua pamoja naye ili apate kusoma. Ile kazi ya kufua ndiyo ilimulipia masomo miaka mingi. Mwaka wa 1885 shule moja kubwa ya Highland, jimbo la Kansas, ilimukubali kwa barua. Siku alipofika, walipoona ngozi yake, wakamufukuza. Mwaka wa 1890 alipata nafasi pa Simpson, jimbo la Iowa, kwa kusomea kupaka picha, na mwaka uliofuata akaingia ku chuo cha kilimo cha Ames, mweusi wa kwanza mule. Akapata diploma mwaka wa 1894, na ya pili mwaka wa 1896.

Na mwaka ule wa 1896 Booker T. Washington, mukubwa wa shule ya weusi ya Tuskegee, jimbo la Alabama, akamuita. Carver aliacha Iowa, fasi aliheshimiwa, akaenda fasi ambayo hata vyombo vya laboratware hakuvikuta. Yeye na wanafunzi walikusanya machupa na mikebe ku takataka ili watengeneze vyao.

Wasomaji wetu wataelewa mara moja hali aliyoikuta. Wale walimaji weusi hawakuwa tena watumwa, lakini udongo haukuwa wao. Walilima shamba ya mwingine na kumuachia sehemu kubwa ya mavuno. Mwanzo wa mwaka mwenye shamba ao mwenye duka aliwakopesha mbegu, unga, mafuta na nguo. Ile deni iliandikwa ndani ya buku lake yeye, na wengi wao hawakujua kusoma. Siku ya kuuza pamba, yeye tena ndiye alitaja beyi. Wakihesabu, mulimaji anabakia na deni, anaanza mwaka mwingine na deni. Mutu ambaye amekwisha kuchimba kwa posho ya negosian, na kilo zake zikapimwa ku balansi ya yule yule negosian, hana haja tumufasirie zaidi.

Tena yule wa kukopesha alitaka pamba tu, maana pamba ndiyo ilimulipa. Walipanda pamba hadi pa mulango wa nyumba. Pamba juu ya pamba, miaka na miaka, udongo ukachoka. Watu walikula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa, kila siku, na wengi walishikwa na pelagra, ugonjwa wenye kuharibu ngozi na kichwa wakati mutu anakula mahindi bila kitu kingine cha kujenga mwili. (Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabeleji wanajua pia ginsi shamba inaweza kujaa na chungu ikabaki wazi.)

Carver hakuwaambia waache pamba yote. Ingekuwa ni kuwaambia wafukuzwe. Aliwaonyesha namna ya kupumuzisha udongo: mwaka mumoja pamba, mwaka mwingine kunde, kalanga ao viazi vitamu. Ng'oa kalanga utazame mizizi: kuna vinundu vidogo, na mule ndani vidudu visivyoonekana ku macho vinakamata hewa na kuigeuza kuwa mbolea. Kunde ni vile vile. Mbolea ya kununua ilikuwa ya feza, na feza hakuna. Basi aliwatuma mu pori na ku mabwawa wakusanye majani yenye kuoza na matope meusi, wayatie mu shamba. Alifanya vile kwanza yeye mwenyewe, ku shamba mbaya ya shule, kila mutu akaona. Mwaka wa 1905 akatoa kitabu kidogo juu ya kurudishia udongo nguvu.

Vitabu vya namna ile alitoa 44, vyote kwa maneno mepesi. Cha kwanza, cha 1898, kilifundisha kulisha nyama za nyumbani na matunda ya muti unaoota bure mu pori. Kimoja cha 1911 kilifundisha kupaka nyumba rangi kwa udongo wa pale pale, sawa vile ba mama wetu wanafanya na pemba. Kile cha 1916, chenye namna 105 za kutayarisha kalanga, kilikuwa kwanza kwa ajili ya chungu ya nyumbani, mbele ya soko.

Lakini kitabu hakimusaidii asiyejua kusoma. Kwa hiyo mwaka wa 1906 shule ilipata gari la kukokotwa na nyumbu, wale nyama ambao baba ni punda na mama ni farasi. Morris Jesup, tajiri wa New York, alitoa feza. Gari lilibeba majembe, mbegu na vyombo vya kutengenezea maziwa, likaenda mu vijiji hadi ku shamba ya mulimaji. Thomas Campbell ndiye aliliendesha. Nyuma ya miaka kamyo likakamata fasi ya nyumbu.

Musifikiri alikuwa malaika. Booker T. Washington alimupa pia kazi ya kuangalia kuku wa shule. Kuku wakapotea na kufa, mukubwa akakasirika, na Carver aliandika mara nyingi kwamba ataacha kazi. Hakuacha. Alibakia Tuskegee miaka 47.

Jina lake lilipata kujulikana kabisa mwaka wa 1921. Mududu mwenye kula pamba alikuwa amefika Alabama, na walimaji wengi walikuwa wamegeukia kalanga. Kalanga za inchi za kigeni ziliangusha beyi. Wenye biashara ya kalanga, wazungu, walimutuma Carver Washington kuomba ushuru. Wabunge walimupa dakika kumi, wengine wakamucheka. Akatoa vitu vyake ndani ya sanduku, kimoja kimoja, na mwishoni walimwachia saa yote aliyotaka. Mwaka wa 1922 ushuru ulipita. Watu walisema alitengeneza vitu 300 kutoka kalanga. Vingi havikuuzwa popote, na mu kazi yake yote alisajili vitu vitatu tu, si vyote vya kalanga.

Sisi tunaona pia alichokiacha. Juu ya nani mwenye udongo, na nani mwenye buku la deni, alisema kidogo sana. Huenda aliogopea shule yake, maana weusi walikuwa wanauawa mu inchi ile kwa neno dogo. Kunde ziliponyesha udongo, lakini haki ya udongo haikutoka ku kunde. Maelfu waliacha mashamba, wakaenda ku viwanda vya kaskazini, na wengine karibu tu, ku migodi ya makaa na ya chuma ya Birmingham. Wale waliobaki na kipande chao wenyewe ndio kazi ya Carver iliwasaidia zaidi: walikula vizuri, walikopa kidogo.

Hakuoa, hakuwa na mutoto. Mwaka wa 1940 alianza kutoa feza alizoziweka, jumla karibu dola 60.000, kwa utafiti wa kilimo pa Tuskegee. Alikufa tarehe 5 Januari 1943, nyuma ya kuanguka ku ngazi, wakamuzika pembeni ya Booker T. Washington. Mu vitu alivyovichunga maisha yake yote kulikuwa gurudumu la kusokotea uzi, lile la mama yake Mary.